Aliyesikia Akanyamaza

Wewe hapo, usigeuze uso. Mwaka ule wa tisini na nane uligeuza, na hatujasahau. Ulijua wenzako wanaishi Guangzhou, Uchina, kwa kunong'ona, vyumba vya kupanga mtaa wa Sanyuanli, viza zimekwisha, mizigo haijapakiwa. Ukasema, shauri yao.

Bimdogo alikuwa mmoja wao. Jumapili ile mdogo wake, Pandu, alikwenda Shiling, kwenye viwanda nje ya mji, kutazama mikoba ya kununua. Hakutarajiwa kabla ya magharibi. Dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, aliisahau juu ya televisheni. Bimdogo aliiona, akaiacha. Hakuna kilichokuwa kikimshtua tena.

Yeye na Khatib, mpangaji mwenzao, walikuwa wakitazama filamu ya VCD, ya Uingereza ya kale: magari ya farasi, ukungu, tajiri aliyekutwa amekufa kizingitini kwake mwenyewe.

"Kitabu cha filamu hii nilikisoma shule," alisema Khatib. "Hawakuacha hata nukta. Dada, nikwambie muuaji?"

"Buyao! Sitaki! Funga bakuli lako."

Mlango ukagongwa.

Khatib akazima sauti. Hodi haikupigwa. Mtu wetu hubisha kwa mdomo. Anayegonga kimya ni polisi wa vibali, na polisi maana yake ni kurudishwa kwenu mikono mitupu. Wakakaa kama mawe. Ukagongwa tena kwa kiganja, chini zaidi. Kisha kitu kama kucha. Kisha basi.

"Kachoka," Khatib alinong'ona, akicheka. "Ghorofa saba bila lifti, hata serikali inahema."

Wakarudisha sauti, wakaendelea kutazama. Mpelelezi aliwakusanya watu wa nyumba ile sebuleni, akauliza nani alimsikia tajiri akibisha. Mke wa tajiri akainamisha macho.

"Ni huyo!" alisema Bimdogo. "Alisikia, akanyamaza. Shetani mkubwa, hata kisu hakuhitaji."

"Umepata, dada. Kitabuni ni hivyo hivyo."

Hakufurahi. Alichukua ndoo ya taka, akavuta komeo.

Mlango ulimjia wenyewe, kwa uzito. Pandu aliangukia ndani chali, juu ya miguu ya dada yake, midomo ya buluu imeachama, kama ya mtu aliyekuwa akiitafuta hodi.

Na kwako kunagongwa. Weka karatasi hii chini. Kafungue!