Sauti ya Pili

Kila mtoto anayeanza darasa la kwanza hupandikizwa kilinganishi kooni, na tangu siku hiyo sauti yake huifuata sauti ya aliye karibu naye. Kalunde, mwalimu wa kwaya, alitolewa chake alipopasuliwa tezi ya shingoni. Wanakwaya wake wote huimba sauti moja, na hakuna namna ya kuwafundisha ya pili.

Jioni hiyo alikuwa akimfundisha binti yake, Nyanzala, ambaye angepandikizwa kesho yake asubuhi.

“Unanifuata tena,” alisema Kalunde. “Ziba sikio moja ujisikie mwenyewe. Mimi niache niende zangu.”

“Mbona kama tunakosea, mama?”

“Hatukosei. Imba.”

Mtoto akaziba sikio, akaanzia chini kidogo ya mama yake, akayumba, kisha akashika. Sauti mbili zikaenda bega kwa bega hadi mwisho wa ubeti. Mihayo, mumewe Kalunde, akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

“Nyie mnagombania nini?”

Kesho yake mchana Nyanzala alirudi na plasta shingoni, akasimama pale pale na kuziba sikio bila kuambiwa. Kalunde akaanza. Mtoto akaingia na sauti ile ile ya mama yake. Kalunde akapanda, naye akapanda. Akashuka ghafla, naye akashuka.

“Safi,” alisema Mihayo jikoni. “Leo mmepatana.”

Nyanzala alikuwa bado amelikandamiza sikio kwa kidole.

“Umeona, mama?” alisema, kwa sauti ya Kalunde. “Leo sijakufuata.”