Hina na Grisi

Gari la harusi lilikohoa, likajikongoja kidogo, likazima tena mbele ya soko. Watu wakaanza kujaa.

"Mafuta machafu haya," dereva akasema, kichwa chini ya boneti.

Ndani, Saumu alikuwa kimya chini ya shela. Somo wake, Bi Kazija, aliyemfunda, alishamwonya: bibi harusi hasemi, hashuki, mpaka afike ukweni. Lakini Saumu alikulia gerejini kwa baba yake.

"Si mafuta, somo. Injini inamisi. Plagi moja imekufa."

"Nyamaza! Unataka waseme wameoa fundi?"

Nje, Athmani, bwana harusi, alisimama juani na joho lake, jasho linamtiririka. Saumu hakumjua sana. Akawaza: kama ni wa kunichukia kwa hili, bora nijue leo. Akafungua mlango.

"Washa," akamwambia dereva, akainamia boneti. Injini ikawaka kwa kusuasua.

Akakunja ncha ya shela mkononi asipigwe shoti, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikataka kuzima, akaurudisha. Wa pili, vilevile. Alipochomoa wa tatu, mlio haukubadilika hata kidogo.

"Mgonjwa ndiye huyu," akasema. Kisha akaiona grisi juu ya hina yake, na shela limeingia weusi. Soko zima likamkodolea macho. Bi Kazija kajifunika uso.

Athmani akasogea taratibu. Akavua joho, akalitandaza juu ya madigadi yenye mafuta.

"Egemea hapa, gauni lisichafuke," akasema, akainamia sanduku la vifaa. "Nikupe spana gani?"

Pindo la dhahabu la joho lilikuwa linaburuzika vumbini.