Mende Aliyeenea Mlangoni

Kwenye kichuguu kimoja, mchwa askari walikuwa hawaamki mpaka mwenzao tarishi aingize kichwa kwenye tundu la mlango wao, awaachie harufu yake. Mende, mpenda makuu, alijaribu kichwa chake, kikaenea barabara. Akajibana humo.

"Ndugu yangu, nipishe," tarishi akamsihi. "Siafu wanakuja."

"Kwani una nini nisichonacho? Mlango umenikubali."

Siafu walipofika, wakaanza kumla kwa nyuma. Mende akapiga kelele ndani: "Amkeni, siafu!"

Askari mmoja akajigeuza. "Kelele tu, harufu hamna. Laleni."

Mende akaliwa mpaka tundu likazibuka. Ndipo tarishi akaingiza kichwa, askari wakaamka.

Mpaka leo, mguu wa mtu ukifa ganzi, mchwa husema kuna mende kajibana kwenye mshipa wa fahamu, tarishi hapiti.