Picha ya Mwaka Jana

Mlango ulipofunguliwa, Fundi aliikunja haraka chupi aliyokuwa akiishona na kuibana mapajani, chini ya meza ya cherehani. Mkewe alikuwa ameshaiona. Nene kama godoro la mtoto, pamba matabaka kwa matabaka, na katikati kipande cha nailoni.

Akamwambia ni kazi ya mteja. Mkewe akauliza ni mteja gani huyo mwenye kiuno sawa na cha mumewe, akacheka, akamkumbusha kwamba kesho asitie kitu mdomoni kabla ya skani. Fundi naye alijichekesha. Alipobaki peke yake alimalizia pindo huku machozi ya aibu yakimlengalenga.

Huyu ndiye Fundi ambaye mtaa mzima ulimjua kwa suti. Suruali aliyoipiga pasi yeye, watu walisema, mkunjo wake unakata mkate. Majivuno hayakumpungukia hata kidogo, na alikwenda nayo kwenye skani ya kwanza, mwaka jana, alipokuwa na kiuvimbe kidogo chini ya mbavu ambacho daktari alitaka kukiona vizuri.

Siku ile mpiga picha alikuwa kijana. Alimchoma sindano yenye mrija mkononi, akaeleza kwamba humo itapita dawa ya kung'arisha picha, maana bila hiyo vitu vya tumboni huonekana rangi moja. Kisha akaanza, "Sasa mzee, dawa ikiingia uta..."

"Piga kazi, kijana," Fundi alimkata. "Sindano nimechomwa kabla hujazaliwa. Sikuja hapa kufunzwa kulala kitandani."

Kijana akayaacha maelezo hapo, akaenda zake nyuma ya kioo.

Dawa ikaingia. Joto likamshuka Fundi kutoka kooni, likapita kifuani na tumboni, likatua katikati ya mapaja, na hapo hapo mtu mzima akajua kwamba amejikojolea. Hakungoja mashine imalize. Alijiinua, mrija ukining'inia mkononi, akainyakua chupa yake ya maji iliyokuwa kwenye kiti cha kando, akajimwagia yote mapajani. Kijana alipoingia mbio, gauni la hospitali lilikuwa chapachapa, na hakuna ambaye angeweza kusema maji yapi ni yapi. Fundi akailaumu chupa, eti imemponyoka. Picha zilikuwa zimeharibika, akapewa siku nyingine ya kurudi.

Hakurudi. Angemtazamaje yule kijana usoni? Nyumbani alimwambia mkewe kwamba picha ni safi, hakuna kitu, na mkewe akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jambo lenyewe halikujirudia hata mara moja. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi aliacha chai ya jioni, akaacha kukaa vikao na rafiki zake. Binti yao alipojifungua huko mji wa mbali, mama mtu alipanda basi peke yake. Fundi alisingizia kazi nyingi, kumbe alikuwa anakiogopa kiti cha basi. Mjukuu sasa anatambaa, na babu bado anamjua kwa picha za simu tu. Mkewe aliacha kuuliza kwa nini, na kule kunyamaza kwake kulimuuma Fundi kuliko maneno.

Kisha kiuvimbe kikawa uvimbe. Suti zake mwenyewe zikaanza kumpwaya. Daktari mwingine alimbonyeza chini ya mbavu, akakunja uso, akauliza kama amewahi kupigwa skani.

"Mwaka jana, daktari," mkewe aliwahi kujibu. "Ilikuwa safi kabisa."

Uso wa daktari ukakunjuka kidogo. Akasema basi hiki ni kitu kipya, akaiomba ile picha ailinganishe na atakayopigwa sasa. Fundi, macho kwenye viatu vyake, akasema ilipotea walipokuwa wanapaka nyumba rangi. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo nalo lilimtia haya.

Basi kesho yake baada ya kuishona ile chupi, akalala tena mbele ya lile duara kubwa la mashine, chupi ya matabaka ikimfukuta chini ya gauni, mkewe akimngoja koridoni na koti lake mikononi. Safari hii mpiga picha alikuwa mama wa makamo, mpole, umri wa dada yake mdogo. Upole ule ulimzidishia aibu. Akamuuliza habari za figo, za pumu, za mzio. Je, amewahi kuchomwa dawa hii? Fundi akasema hapana.

Hakuwa tena na majivuno ya kumkatiza mtu. Alifumba macho, akaomba kimoyomoyo pamba zihimili. Yule mama akaukaza mrija, akazungumza kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo hayo tangu asubuhi.

"Dawa ikiingia utasikia joto, kaka yangu, na utahisi kabisa kama umejikojolea. Usishtuke, hujakojoa. Kila anayelala hapa huhisi hivyo, na wote huinuka wakavu."

Fundi akafumbua macho.

"Na mwaka jana," akauliza, "ilikuwa dawa hii hii?"

"Miaka yote ni hii hii," alisema yule mama, akielekea nyuma ya kioo. "Haya, vuta pumzi. Izuie."