Mifuko ya Njano

Dada mtu aliligeuza sanamu la dirishani likae upande, ili mpita njia aone mkono mmoja tu wa koti. Mkono wa kulia ulifika pale unapotakiwa. Wa kushoto uliishia karibu na kiwiko, na huo akauelekeza ukutani.

"Hapo sawa," akasema, akirudi kwenye benchi na daftari lake. "Tuendelee na matangazo."

Kikao kilikuwa cha watu watatu, ndani ya duka la ushonaji lenye cherehani moja na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa hadi kizingitini. Fundi, mdogo wake, alikaa kwenye kiti chake, tepu shingoni, uso umemshuka. Mkewe alisimama mlangoni, mkoba begani, kama mtu aliyekwisha kuamua. Alikuwa amemtafutia mumewe kazi ya stoo kwa mjomba wake, na jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi. Duka likiendelea kukaa tupu, linafungwa, cherehani inauzwa, basi.

Tangu habari hizo zimfikie dada mtu, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Yeye naye alikuwa na kijichumba chake nyuma ya jengo hilohilo, cha kubadilisha zipu na vifungo, kama mdogo wake alivyojua. Siku hizi kijichumba kilikuwa kimya, kwa hiyo muda wa kupanga alikuwa nao.

Mke wa fundi akataka lizungumzwe jambo moja kwanza, nalo ni wateja kutorudi. Mtu anakuja mara moja, humwoni tena. Lazima kuna kitu.

"Nguo zake hazichakai, wifi," dada mtu akajibu. "Sasa mtu atarudi kufanya nini?"

Fundi akainua uso kidogo. Ni kweli, alisema, miaka sita hii hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika. Mkewe akashusha pumzi na kumwomba wifi yake aache kumvika mdogo wake kilemba cha ukoka. Kama hataki kazi ya stoo, basi aajiri mtu aliyesomea ukataji, au aende mwenyewe akajifunze, miezi mitatu tu.

Fundi alionekana kuvutiwa. Alikiri kwamba mikono ya makoti humsumbua kidogo, na viuno, na pindo pia.

Dada mtu aliruka kama aliyekalia sindano. Hao waliosomea, alisema, hupima mara tatu kabla ya kugusa mkasi, mteja anasinzia amesimama. Duka hili lina mkono wake, na mkono huo usiguswe na mtu. Hapa hakuna kinachokosekana isipokuwa watu kujua kwamba duka lipo.

Akafungua daftari na kusoma mpango. Kibao kipya, herufi kubwa, kisomeke tangu kona ya barabara. Suti kwa siku moja, tena fundi apime kwa jicho, maana jicho lake linatosha. Vipeperushi vipelekwe kwenye kumbi za harusi, vyuo vyenye mahafali, na ofisi zenye usaili wa kazi.

"Kwa nini hao tu?" mkewe akauliza.

"Hao wana tarehe, wifi. Mwenye tarehe habishani."

La mwisho lilikuwa mifuko. Kila nguo itoke ndani ya mfuko wa njano unaoonekana mbali, wenye maneno aliyoyatunga mwenyewe: LEO UNAPIMWA, LEO UNAVAA. Fundi aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akamtazama dada yake kwa mshangao kidogo.

"Dada, mbona wewe mwenyewe kwako huna hata kibao?"

"Mimi wanaonihitaji hunitafuta wenyewe."

Mkewe akawapa hadi mwisho wa mwezi, asionekane mtu mbaya.

Dada mtu hakuuacha mpango wake ulale. Alivigawa vipeperushi kwa mikono yake, ukumbi hadi ukumbi. Alisimama na wapiga picha, akakaa na mabibi harusi kwenye saluni, akamsifia mdogo wake mpaka sauti ikamkauka. Wiki ya pili watu walianza kuchungulia. Wiki ya tatu cherehani haikupata nafasi ya kupoa, na mke wa fundi, ambaye kweli hakuwa na kinyongo, alikuwa ndani anafunga mifuko ya njano huku akiimba. Ile kazi ya stoo mjomba akampa mtu mwingine.

Siku ya mwisho wa mwezi, fundi alisimama katikati ya duka lililojaa, akamshika dada yake mkono. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Sijui nikushukuru vipi."

"Nikuone tu umekaa hapo unashona, mdogo wangu. Sitaki kingine."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote. Akamwekea tepu vizuri shingoni, akamuaga wifi yake, akatoka na kulizunguka jengo hadi kwenye kijichumba chake.

Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye bomba la maji. Watu walisimama kimya, hawatazamani usoni, kila mmoja ameukumbatia mfuko wake wa njano. Dada mtu alifungua kufuli, akajifunga aproni, akatwaa mkasi mdogo wa kufumulia.

"Karibuni," akasema. "Wa mikono wakae kulia, wa viuno kushoto. Wenye harusi kesho, piteni mbele."