Barua ya Tabia ya Zulfa

Zulfa alivunja kioo cha dirisha la Kidato cha Pili, akaja na lile jiwe, akaliweka mezani kwa Mwalimu Dionisia.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimefanya makusudi."

Mwalimu Dionisia alichoka mwili na roho. Kioo kingine kingesubiriwa kutoka Nachingwea mjini mpaka mwakani. Mwaka mzima alikuwa ameifungia fimbo kabatini, akigawa kadi za manila ya kijani kwa kila mwanafunzi aliyefanya jambo jema. Walimu wenzake walimcheka. Wavulana walizigeuza kadi karata, wengine wakatoroka kwenda kuokota korosho. Katika watoto hamsini na wanne, Zulfa peke yake ndiye aliyebadilika, na sasa naye anavunja vioo.

Tangu Jumatatu alikuwa mtu mwingine. Alimtukana Saada, kiranja wa darasa. Alichana daftari, akalala kipindi kizima. Tena wiki hii hii, ambayo baba yake, Mzee Shaibu, alikuja kuomba barua ya kueleza tabia ya binti yake. Alisema kuna watu wa Ruangwa wanaulizia habari zake, ila wanataka kwanza kuhakikisha kuwa ana adabu.

Mwalimu hakuuliza ni watu gani. Mwaka juzi wafadhili kutoka huko huko Ruangwa walimlipia bweni msichana mmoja wa kijiji cha Lionja, na leo anasomea uuguzi.

Mzee Shaibu alikuwa ameshafika kuifuata barua. Alikaa nje kwenye benchi, hatua mbili kutoka dirisha la ofisi, kofia magotini.

"Andika nilivyofanya, Mwalimu," Zulfa alisema kwa sauti ya chini. "Kioo, matusi, yote."

"Unajiharibia, mwanangu. Au unaogopa kwenda mbali na nyumbani?"

Zulfa alitazama nje, alipokaa baba yake.

"Naogopa," alisema.

"Utazoea. Wenzako wote huzoea."

Mwalimu aliandika: mtulivu, msikivu, hajawahi kumjibu mkubwa. Kioo hakukitaja. Alipiga muhuri wa shule, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akahisi kazi yake haikwenda bure. Zulfa alitoa kadi zake zote mfukoni, akaziacha mezani, akatoka bila kuaga.

Jumatatu iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu Dionisia alikitazama akatabasamu, jambo ambalo darasa lile halikulizoea. Alikuwa hajamaliza kuita majina Saada alipoingia na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Pilau yako, Mwalimu. Mama yake Zulfa anakushukuru sana. Anasema barua yako ilisomwa mbele ya wakwe, na ndoa ikafungwa siku ile ile."