Linki Isiyofunguka

"Zima hicho kikaguzi cha linki!" mkurugenzi wa mji alifoka. "Kila asubuhi kinanitumia meseji ileile!"

Meseji ya programu hiyo inayokagua tovuti ilisema linki ya ripoti ya soko lililoporomoka haifunguki.

"Itafungukaje na ripoti mmeifuta?" alijibu Mwanasiti, msimamizi wa tovuti ya mji. Mama yake aliuza mchicha sokoni humo mpaka siku lilipomwangukia.

"Nimesema zima."

Mwanasiti alifungua mipangilio. Hakukizima. Aliifuta namba ya mkurugenzi, akajaza za wafiwa wote arobaini. Palipoandikwa "kila siku," akachagua "kila saa."

"Tayari, mheshimiwa. Hakitakusumbua tena."

Nje, mama muuza mihogo aliacha kukaanga. Alifuta mikono kwenye kanga, akachomoa simu, akasoma: linki ya ripoti ya soko haifunguki. Kisha akainua macho kuelekea dirisha la ofisi ya mkurugenzi.